Paka Aliyetoka Mashineni

Kwa nini mtu anayelalamikia panya amlete nyumbani paka asiyekamata panya? Nilijiuliza swali hilo nikiwa darasa la tatu, nikakosa jibu, na likakaa ndani yangu kama mwiba wa samaki uliokwama mahali pasipofikika kwa kidole.

Hunirudia ninaposikia harufu ya kambale mkavu akiloweshwa kwenye maji ya moto. Hapa Morogoro ninapoishi siku hizi, jirani wa chumba cha pili humpika karibu kila Jumapili. Harufu ile ya moshi hupenya chini ya mlango wangu, nami, mtu mzima mwenye shahada, ninayebishana na padre, daktari na hata mtabiri wa hali ya hewa, najikuta nachungulia chini ya kitanda kuona kama kuna paka.

Paka mwenyewe aliitwa Meneja. Alitoka kwenye mashine ya kukoboa mpunga ya Mzee Kasiani, pale kwetu Ifakara, njia ya kwenda sokoni. Bibi yangu alikuwa mteja wake wa miaka mingi. Mzee Kasiani alipouza mashine ili akaishi na mwanawe Mang'ula, aliwagawia watu vitu alivyoshindwa kubeba. Wengine walirudi na madebe, wengine na magunia matupu. Bibi alirudi na kapu limefunikwa kanga, amelipakata kwa mikono miwili, na ndani ya kapu kitu kizito kinapumua.

"Panya wametuzidi," alisema.

Mimi nililala chumba kimoja na magunia ya mpunga na sikuwa nimemwona hata panya mmoja. Nilishangaa, lakini kilichonishangaza zaidi ni chaguo lake. Pale mashineni kulikuwa na paka wawili. Kulikuwa na jike mwembamba wa kijivu, ambaye angepanda juu ya rundo la magunia na kushuka na panya mdomoni kabla hujamaliza kuamkia watu. Halafu kulikuwa na Meneja, dume la rangi ya chungwa, ambaye kazi yake ilikuwa kulala juu ya pumba na kula kila kilichodondoka: chenga, ukoko, ugali uliochacha wa wapakiaji. Hao wapakiaji ndio waliompa cheo, kwa sababu ya tumbo. Bibi akamchukua huyo.

Nyumbani tulikuwa watatu. Bibi, aliyenilea kwa kuwa mama yangu alifundisha shule Malinyi na kuja likizo tu. Mama mdogo Tekla, aliyeshona nguo barazani. Na mimi. Bibi alikuwa mwanamke mrefu, sauti yake kanisani ilisikika juu ya kwaya nzima. Shambani Idete alipalilia ngwe yake ya mpunga, akaimaliza, kisha akaingia kwenye ngwe ya Tekla bila kusema neno, jambo lililomwudhi Tekla kuliko kusemwa.

Tulikula jioni, uani, sinia moja juu ya mkeka mmoja. Na sheria ilikuwa moja: macho kwenye tonge lako. Kwa Bibi, mtoto anayehesabu matonge ya mkubwa alikuwa mlafi asiye na aibu, na hakuna kijana ambaye angekuja kumwoa. Kwa hiyo nilikula kichwa chini. Niliijua mikono ya watu wa nyumba yetu kuliko nyuso zao. Mkono wa Tekla wenye alama za sindano ulikuja kwenye sinia ukaondoka, wa Bibi ukaja ukaondoka, wangu ukaja. Meneja alikaa ubavuni mwa Bibi, amejibana na paja lake, amefunikwa nusu na upindo wa kanga. Bibi hakuwahi kumpapasa. Alimwita "mlafi huyo". Na bado paka alimfuata yeye tu, wala si mimi niliyepewa kazi ya kumlisha.

Meneja alikuja mnene, na kwetu akazidi. Ilipofika masika tumbo lake liligusa ardhi akitembea. Na masika hayo hayo Bibi alianza kukaza kanga yake mara mbili. Pete yake ya ndoa ilimtoka akiosha mchele, tukaitafuta kwenye beseni, akaifunga kwenye pindo la kanga na hakuivaa tena. Tekla alimpeleka kupima malaria, hakuwa nayo. "Uzee ni kukonda," Bibi alisema. "Ulitaka ninenepe nianze kuvaa magauni yako?" Tekla alicheka. Mimi pia nilicheka, nikiwa bado sijaogopa.

Hofu niliinunua pamoja na vitumbua. Mama Desderi, jirani yetu, alikaanga vitumbua asubuhi kando ya njia ya shule, na siku hiyo alikuwa akiongea na mteja wake kana kwamba sisi watoto ni mawe.

"Mwangalie paka wa nyumba ile. Halafu mwangalie mwenye nyumba."

"Kwani vipi?"

"Mizani, mama. Upande mmoja ukipanda, mwingine unashuka. Kile kinachotoka kwa yule mama kinaingia mahali." Ndipo akaniona. Akanifungia kitumbua kwenye karatasi, akaongeza kingine. "Msalimie bibi, mwanangu."

Sikuvila. Nilikaa darasani vikiloanisha mfuko wangu, na nikaanza kuona mambo. Nilikumbuka jinsi Meneja alivyonguruma akiwa ubavuni mwa Bibi, ngurumo ya chini isiyokatika, sawa kabisa na mashine ya Mzee Kasiani ukiisikia kutoka mbali. Nikapata hakika, hakika ya mtoto ambayo haina mlango wa kutokea, kwamba ndani ya paka yule kulikuwa na mashine, na Bibi alikuwa anakobolewa. Kila jioni kidogo. Ganda linabaki kwetu, mchele unaingia kwake.

Kumwambia Bibi sikuweza. Unamwambiaje mtu kwamba analiwa? Na Tekla angekwenda kugombana na Mama Desderi, barabara nzima ingejua. Nikaamua mwenyewe: kama mizani ina pande mbili, nikimkondesha Meneja, Bibi atanenepa.

Bahati ikaleta chanjo ya kichaa cha mbwa kwenye uwanja wa shule. Nilimbeba Meneja mpaka mikono ikafa ganzi. Bwana mifugo alimpokea, akamwinua, akamshusha haraka.

"Huyu ni paka au mtaji wa kitimoto?"

Watu wakacheka. Nikamwuliza nifanyeje akonde.

"Anakula nini?"

"Ugali kidogo na supu ya kambale."

"Kidogo chako au kidogo chake?"

Nikamwonyesha kwa viganja. Akatikisa kichwa. Akaniambia nitafute kipimo kimoja nisikibadilishe, nimpe asubuhi na jioni, saa zilezile, katikati asipewe kitu, na chombo kiondolewe akimaliza. "Na mwambie bibi yako asimlishe kwa huruma. Mabibi ndio wanaoharibu kazi."

"Bibi hampi kitu," nilisema. "Hata hampendi."

Kipimo changu kilikuwa kifuniko cha chupa ya chai iliyovunjika. Nilijaza ugali, nikausawazisha kwa kidole, nikamwagia supu. Kwa uzi wa kushonea magunia nilimpima tumbo, nikafunga fundo pale uzi ulipokutana. Jumamosi iliyofuata uzi haukufikia fundo, tumbo lilikuwa limeongezeka. Nikapunguza, nikampa nusu ya kifuniko. Uzi ukazidi kupungukiwa. Nikapunguza tena, mpaka chakula kikawa cha kuramba mara mbili. Meneja alinusa, akaramba kwa adabu, akaenda kulala.

Hapo ndipo nilipoogopa kikweli. Paka mwenye njaa hulia, kila mtu anajua. Huzunguka miguu, hupanda meza, huiba. Meneja hakulia. Hakuiba. Alikaa kuanzia asubuhi mpaka jioni kama mtu anayejua atakula wapi. Na jioni, kabla hata Tekla hajatandika mkeka, alikuwa ameshatangulia mahali pa Bibi, anangoja.

Bibi kwa wakati huo alikuwa amehamia kwenye uji mwepesi asubuhi na chai ya maziwa mchana. Alisema amerudiwa na utoto. Sauti yake kanisani ilishuka, nikawa nawasikia wanakwaya vizuri kuliko kawaida, na nilichukia kuwasikia. Lakini jioni mkono wake ulikuja kwenye sinia kama mikono yetu. Ningeweza kuapa mbele ya padre kwamba alikula kuliko mimi.

Siku moja, Tekla akiwa amekwenda kununua nyuzi, nilimtia Meneja kwenye kiroba, nikamburuta na kumbeba na kumburuta tena hadi mashineni. Aliyeinunua mashine hakuwapo. Nilimwachia juu ya pumba. Akanitazama, akajikunja, akalala palepale alipokuwa akilala zamani. Nilirudi mbio bila kugeuka, kwa sababu niliamini jioni hiyohiyo nitamwona Bibi akirudi kuwa mkubwa.

Sinia ikaletwa. Wali na perege. Bibi akakaa, akapapasa ubavuni mwake kwa mkono wa kushoto, akapapasa tena. "Yule mlafi yuko wapi?"

"Katembea," nilisema.

Mkono wake ukaja kwenye sinia, ukafinyanga tonge. Haukuondoka. Ulilifinyanga na kulifinyanga, wali ukatoka katikati ya vidole, nami macho yangu yalikuwa palepale, kwenye mkono ule, kwa sababu sikuruhusiwa kutazama kwingine.

"Mama," Tekla alisema, "mbona huli?"

"Nakula."

"Unakula wapi? Kula basi."

Kwa mara ya kwanza nikainua kichwa. Bibi alinitazama mimi, siyo Tekla, na katika uso wake niliona kitu nisichowahi kukiona kwa mtu mzima: alikuwa anaogopa kama mimi. Akalitia tonge mdomoni. Akatafuna muda mrefu. Shingo yake ikakaza, mishipa ikasimama, macho yakajaa maji, na tonge lile likarudi lote, jeupe, kwenye kiganja chake. Akajaribu tena. Likarudi. Tekla alikuwa amesimama, sinia imepinduka, na alikuwa akisema "Mama, tangu lini? Mama, tangu lini?" kwa sauti ya mtoto.

Nilijua ni mimi. Nilikuwa nimekata kamba niliyodhani inamvuta, kumbe ndiyo iliyomshikilia. Alfajiri nilikimbia mashineni, nikamkuta Meneja kwenye pumba, nikamkumbatia nikilia na kumwomba amrudishe. Nilipofika nyumbani naye, mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Tekla alikuwa amempeleka Bibi hospitali. Nilikaa kizingitini na paka yule mzito mapajani mpaka jua likatuchoma, na yeye alinguruma muda wote, nami sikuthubutu kumshusha.

Bibi alikwenda Dar, akarudi, akafariki kabla ya mavuno. Mama Desderi alikuja msibani na beseni la vitumbua, akalia mpaka akashikwa. Nilimchukia kwa miaka. Sasa nafikiri yeye peke yake ndiye aliyetazama. Mizani yake ilikuwa sahihi, maelezo ndiyo yalikuwa ya uongo, na nimejifunza chuoni kwamba hilo huwapata hata watu wenye maabara. Sisi wengine tulikuwa na adabu. Siku hizi mimi nahesabu matonge ya kila mtu ninayekula naye. Marafiki zangu wanasema ni tabia mbaya, na kweli ni mbaya, lakini siiachi.

Meneja alikonda. Nilirudi kwenye kifuniko kilichojaa, asubuhi na jioni, na uzi wenyewe ukafikia fundo, kisha ukalipita.

Mambo mengine Tekla aliniambia nilipokuwa sekondari. Kwamba njia ya chakula ilikuwa imezibwa na uvimbe, na daktari alisema haikuziba kwa wiki wala kwa mwezi. Kwamba alipofua kanga za Bibi baada ya msiba, zote zilikuwa zimekakamaa kwa mafuta ya mchuzi mahali pamoja, upande ule paka alipokaa. Nikadhani nimeelewa yote: mgonjwa hakutaka tujue, na paka akawa karibu.

Mwaka jana nilikwenda Mang'ula kwenye harusi, nikamkuta Mzee Kasiani amekaa nje ya duka la mwanawe. Nikamwamkia, nikajitambulisha, tukacheka juu ya Meneja. Nikamwuliza, kwa utani, kwa nini alitupa sisi mzigo ule wakati tulikuwa na shida ya panya.

"Panya?" alisema. "Bibi yako hakunitajia panya, mjukuu wangu. Nilimpa yule jike, mwindaji, akamkataa. Akamnyoshea kidole yule mlafi, akaniuliza kitu kimoja tu. Akaniuliza kama ukimpa tonge kwa mkono, chinichini, hupiga kelele. Nikamwambia huyo? Huyo hata halii. Basi, akasema, nipe huyo."