Chupa ya Maji Kabla ya Onyesho

Kikundi cha maigizo ya watoto hapa Maganzo kina utaratibu wake: kila mtoto mdogo anapewa mkubwa wa kumshika. Wangu, miaka mitano, alipewa binti wa darasa la saba. Mwalimu wa maigizo aliwafunga mikono kwa kipande cha kitenge, eti wazoeane. Mwanangu akawa anarudi nyumbani na habari za huyo dada tu. Dada kasema hivi, dada anasuka hivi. Nilifurahi. Mimi nashinda barabarani nauza mitumba, nikaona angalau kuna mtu kamshika mkono.

Siku ya onyesho uwanja wa shule ulijaa. Katikati ya igizo nikamwona mwanangu anavuta kile kitambaa, anamnong'oneza mwenzake. Akavuta tena. Yule binti alikuwa anasubiri zamu yake ya kusema, hata hakumtazama. Mkojo ukashuka mpaka kwenye soksi nyeupe nilizomnunulia asubuhi ile. Watu wakaanza kucheka. Wachimbaji wa almasi waliosimama nyuma wakapiga miluzi. Yule binti akainua mikono yao miwili iliyofungwa pamoja, kama refa anavyomtangaza bondia aliyeshinda, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Mwanangu naye akacheka, kwa sababu dada alikuwa anacheka.

Nilimwendea mwalimu nikijua ataniomba radhi. Akanipongeza. Akasema Jumamosi wanakwenda kuigiza mji wa Mhunze, na kile kipande cha kukojoa kinabaki, watu wamekipenda. Nikamuuliza mtoto atakojoaje kwa kupangiwa.

"Atapewa maji mapema, mama. Mkubwa wake ndiye atamnywesha."

Hakupepesa hata jicho.

Nilimwambia mwanangu haendi. Akalia mpaka akatapika. Kumbe dada alikuwa amemwahidi kwamba akikojoa vizuri tena, watakuwa marafiki hata wakifunguliwa mikono.

Jumamosi nilifika shuleni gari la kwenda Mhunze halijaondoka. Nilikuwa nimembeba mwanangu, maana sikuwa na wa kumwachia. Yule binti alikuwa tayari na chupa kubwa ya maji. Akapiga goti.

"Shikamoo mama."

Sikuitika. Nikafungua kifuniko cha ile chupa.

"Kunywa."

Akamtazama mwalimu. Mwalimu akatazama simu yake. Binti akanywa. Kila alipoishusha chupa niliirudisha mdomoni, mpaka maji yakamtoka puani na gauni la igizo likalowa kifua kizima. Nikamwambia sasa apande jukwaani yeye, tumcheke. Wenzake hawakungoja jukwaa, wakamcheka pale pale. Sitadanganya, nilijisikia vizuri.

Nilidhani mwanangu naye atafurahi. Alining'ata bega, akateleza chini, akakimbia kwa yule binti na kumnyooshea mkono afungwe. Binti akamsukuma.

"Toka hapa. Mama yako mwehu."

Mwalimu hakupoteza muda. Alimvuta mtoto mwingine mdogo aliyekuwa anakula mua pembeni, akamfunga na yule binti kwa kitenge kile kile. Mama yake huyo mtoto hakuwepo. Chupa bado ilikuwa na maji, na binti, huku macho yake mekundu yakinitazama mimi, akaanza kumnywesha.

Ningeweza kusema neno. Nilikuwa nimeshampata wangu, nikanyamaza. Gari likaondoka, na wangu akabaki amesimama vumbini, mkono ameunyoosha vile vile.