Kinyozi na Sikio la Mwasisi

Kinyozi anayejiheshimu anajua kwamba yanayosemwa kitini hubaki kitini. Kinyozi wa mtaa wetu aliishika kanuni hiyo maisha yake yote isipokuwa mara moja, na mara hiyo aliivunja nusu, jambo ambalo ni baya kuliko kuivunja yote.

Kinyozi huyo alipokuwa kijana, Mwasisi wa taifa, akiwa njiani kwenda kuhutubia, alisimamisha gari akaingia kunyolewa ndevu. Wembe ukateleza, ukapita kwenye ncha ya sikio. Mwasisi akaruka kitini: "Taratibu, bwana! Umenikata sikio!" Siku hiyo alilihutubia taifa akiwa na pamba sikioni. Mke wa kinyozi alifua taulo lenye damu, akaitunza siri.

Mwasisi alipofariki, wateja walimbana kinyozi: mzee alikwambia nini? Akakohoa kidogo, akasema, "Aliniambia, 'Taratibu, bwana.'" Akaishia hapo. Wateja wakatikisa vichwa kwa hekima hiyo. Nusu ya kweli ni uongo uliovaa nguo safi, na watu hupenda mgeni aliyevaa vizuri. Haukupita muda, neno TARATIBU likapakwa rangi ya kijani ukutani mwa ofisi ya manispaa, na chini yake: Wosia wa Mwasisi. Makarani waliutii wosia huo kuliko sheria yoyote. Kinyozi naye akaitwa Mzee Taratibu, na watu wakatoka mitaa ya mbali kuja kunyolewa naye.

Kisha leseni yake ikaisha. Askari wa manispaa wakamwambia asipopata mpya kufikia Ijumaa, kibanda kinapigwa kufuli. Akaenda ofisini, akarudi mikono mitupu. Akaenda tena, vilevile. Ijumaa akaenda na mkewe.

"Shikamoo, mzee," karani alisema, kikombe cha chai mkononi. "Faili lako lipo. Ila taratibu."

"Mwanangu, kibanda kinafungwa leo."

"Mzee Taratibu, wewe wa kutuharakisha? Haraka haraka haina baraka. Na wosia umetuletea mwenyewe!"

Foleni ikaangua kicheko. Kinyozi akatazama viatu vyake. Mkewe akamtazama yeye.

"Mwambie," mkewe alisema.

"Mama, twende nyumbani."

"Nyumbani tukale huo wosia?" Akamgeukia karani. "Mwanangu, ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwasisi hakumwusia mtu. Huyu hapa alimkata sikio! Damu nimeifua mimi. 'Taratibu, bwana, umenikata sikio.' Basi! Wosia wote ndio huo."

Mtu mmoja nyuma ya foleni akauliza, "Sikio lipi?"

"La kushoto," kinyozi akajibu, maana aliulizwa.

Karani alicheka hadi chai ikammwagikia. Halafu akautazama ukuta, akamtazama bosi wake mlangoni, akagonga muhuri upesi ili wawili hao waondoke kabla hawajasema jingine.

Simsifu mwanamke anayemwumbua mumewe mbele ya watu. Lakini mume anayeufungia ukweli ndani miaka yote asishangae ukitokea mlango wa jikoni.

Leseni aliipata. Wateja wakahamia kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara, na wachache waliobaki walinyolewa huku wameshika masikio. Mwaka uliofuata kibanda alikifunga mwenyewe.