Njia za Nguva Nisizoziona

Ninayo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka mkono huenda wenyewe kwenye ncha ya kanga nikajifunika uso, hata nikiwa peke yangu chumbani. Umri huu wa kuitwa bibi na kila anayepita haujaniondolea aibu yake. Sikusimulii kwa kupenda. Juzi nilikuona wewe na wenzio wa shule mkigawiwa karatasi za kuandika mnachokiona pwani, nikasema moyoni, huyu nisipomwambia nitaulizwa.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya sabini, hapa hapa Mlingotini, wakati watu wazima wanashikishwa chaki katika madarasa ya kisomo. Mimi nilikuwa bibi harusi wa juzi. Nilikuwa na darasa la saba langu, na katika wanawake wa mtaa wetu aliyeweza kusoma barua bila kuguna guna nilikuwa mimi tu. Kalamu ilikuwa haitoki nyweleni, naipeleka mpaka kisimani. Majivuno hayangoji mali, mwanangu. Kalamu ya risasi yatosha.

Akaja bwana samaki, kijana mpole wa bara aliyetumwa na serikali kuangalia mambo ya uvuvi. Kilichomsumbua kilikuwa nguva. Wewe hujamwona, na hilo nalo limo katika aibu yetu. Nguva ni mnyama mkubwa wa baharini, hunyonyesha mwanawe, hupanda juu kuvuta pumzi kama sisi, na chakula chake ni majani yaotayo chini ya bahari. Maji yakijaa huja kula, akang'oa majani na mizizi yake, akaacha njia tupu ya mchanga, upana wa shibiri. Maji yakipwa njia ile huonekana. Na nani ashukaye pwani maji yakipwa? Ni sisi wanawake, kuchokoa pweza na kuokota kombe. Ndiyo maana bwana samaki alianzia kwetu.

"Mama zangu," alisema, "mimi nina macho mawili tu, tena ya bara. Ninyi mna macho ya pwani nzima. Kila bamvua, maji yanapokupwa mbali, nihesabieni njia mpya mnazoziona, mziandike. Zikipungua, nitaomba majarife yaondolewe kule mkondoni."

Majarife ni zile nyavu za matundu makubwa, na mkondo ndio mlango ambao nguva hupitia kuja malishoni. Kwa hiyo nilijua tangu siku ya kwanza daftari lile lilikuwa la nini. Usije ukanitetea kwamba sikujua.

Kuona akapewa Bi Kidawa, mzee aliyeijua pwani ile kama mtu ajuavyo jiko lake. Kuandika nikapewa mimi. Bi Kidawa hakujua a wala be, lakini alikuwa na utaratibu wake: alishuka na kamba ya ukindu, na kila njia mpya ya nguva akapiga fundo. Akirudi, nahesabu mafundo, naandika, namrudishia kamba yake. Kazi yangu ilikuwa hiyo tu, nimekaa barazani na miguu mikavu.

Mabamvua ya kwanza mafundo yalikuwa mengi. Ikaja kamba yenye fundo moja. Kisha ikaja kamba tupu.

"Andika hatukuona," Bi Kidawa akasema, akaenda zake kuosha miguu.

Nikashika kalamu, neno likanigomea. Mwanangu, unatujua sisi. Mtu wa pwani umwulize habari nyumba yake inaungua, atakujibu njema kwanza, moto baadaye. Nikamfikiria bwana samaki, atoke Bagamoyo mjini kwa baiskeli na jua lile, afungue daftari akute "hatukuona". Niliona ni sawasawa na kumkaribisha mgeni ukamwekea sinia tupu. Nikaandika njia nne, nikajiambia ni adabu. Bamvua lililofuata, kamba tupu tena, nikaandika tano. Nilifanya hivyo mara nne, na kila alipokuja bwana samaki akausifu mwandiko wangu, nami nikarudi jikoni sikanyagi chini.

Siku ya siku akaitisha mkutano shuleni. Wenye majarife walikaa upande mmoja, wanawake upande mwingine. Akalisoma daftari langu lote kwa sauti, mstari kwa mstari, kisha akasema, "Namshukuru Mungu, nguva wetu hawajapungua. Sioni sababu ya kuwanyima wavuvi riziki yao. Majarife yabaki."

Wavuvi wakapiga makofi. Nikamtazama Bi Kidawa. Alikuwa ananitazama zamani, mkono wake umo ndani ya kikapu cha kamba zake. Palikuwa na kimya pale, cha kutosha mtu kusimama na kusema maneno mawili. Nikainama nikajifanya nakung'uta mchanga kwenye kandambili.

Hazikupita wiki tatu, asubuhi moja tukasikia kelele pwani. Jarife la mkondoni lilikuwa limemkamata nguva jike, na mwanawe pamoja naye. Wote wawili wamekufa maji. Walishikwa chini na wavu wasiweze kupanda kuvuta pumzi. Nilisogea nikaona. Matiti yake yako hapa, chini ya mapezi, na maziwa yalikuwa bado yanatoka. Mwanawe hakufika hata urefu wa mkeka wa kusalia. Wanawake wakajishika vinywa. Mvuvi mmoja mtu mzima, anayewakata, akatuona tunavyotazama, akatufariji, "Msihuzunike. Wapo wengi, daftari limesema."

Hakuwa akinikejeli. Aliniamini.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Bi Kidawa. Nikapiga hodi, nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuniangalia. Akaingia ndani, akarudi na kamba nne, akazilaza mkekani.

"Hizi unazijua," akasema.

"Nazijua, bibi. Kwa nini hukusema mkutanoni?"

"Nilikungoja useme mwenyewe. Nilisema, mtoto wa watu, ndoa bado changa, nikimwumbua mbele ya wanaume uso atauweka wapi? Nikakusitiri. Kumbe nimekusitiri wewe, nimemwacha yule na mwanawe uchi." Akajifuta macho kwa kiganja. "Hatukuona nayo ni habari, Mwanaidi. Ndiyo ilikuwa habari kubwa kuliko zote, nawe ukaila."

Nililia pale mpaka nikaona haya kulia. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nikampelekea ujumbe bwana samaki, mkutano ukaitishwa tena. Nikasimama mbele ya watu wale wale, mume wangu yumo, nikalisoma daftari na kutaja kila mstari nilioutunga. Wako waliocheka. Bwana samaki hakucheka wala hakugomba. Alichukua daftari, akapiga mstari juu ya njia zangu moja moja, na siku ile hakuusifu mwandiko.

Majarife yakaondolewa mkondoni. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Nikaanza kushuka mwenyewe na Bi Kidawa, matope mpaka magotini, na nyuma yetu akitumwa mwanamke mwingine kuhakikisha ninachoandika. Mwaka mzima nilifuatwa hivyo, na nilistahili. Nikaandika hatukuona. Bamvua lijalo, hatukuona. Nimelijaza daftari lile mpaka jalada la nyuma, mwanangu, na fundo hata moja halikupigwa.

Basi nisikilize. Ukipewa kazi ya kuhesabu, hesabu kilichopo, si kile utakachosifiwa. Usimfurahishe mgeni kwa uongo. Anayekuja kutaka kujua ugonjwa, ukimwambia mzima umemwua mgonjwa. Pakiwa hapana kitu, andika hapana, na mkono usitetemeke. Shuka mwenyewe ukalowe. Asiyejua kusoma akikuletea alichokiona, kiandike kama alivyokuletea, maana elimu yako ni ya karatasi na yake ni ya pwani, na karatasi bila pwani ni kuni. Na ukikosea, simama siku ile ile, kabla kimya hakijapita. Mimi kilinipita.

Nenda sasa, maji yanaanza kutoka. Mola akupe jicho lisilochoka kutafuta na mkono usioongeza wala kupunguza, akulinde na sifa usizozistahili. Na ikiwa amewabakiza wachache huko walikokimbilia, awarudishe katika siku zako, uwaone wewe, ukaandike kweli kwamba umewaona. Amina.