Mama wa Watoto Arobaini na Saba

Usimwambie Syombua kwamba simu yake ni ya kizamani. Atakuuliza hiyo yako ya kioo imevunjika mara ngapi, na laini umebadilisha mara ngapi, na utajuta kusema. Yake ni ile ya vibonyezo, betri inakaa siku nne, na nambari ni ileile tangu mwanawe Kisilu aingie darasa la kwanza. Kisilu sasa ana ndevu.

Utampata Gitothua, kule Ruiru, kwenye veranda ya ploti ya vyumba kumi na sita. Ndipo cherehani yake ilipo. Anapunguza suruali, anabadilisha zipu, anatia viraka sare za shule zilizoisha magoti. Mtaa mzima humwita Mama Kisilu, na mtaa mzima humpitia, kwa sababu njia ya kwenda zahanati inapita hapo hapo mbele yake.

Basi mambo yalianza hivi. Mama akipeleka mtoto chanjo, aliulizwa nambari ya simu ili akumbushwe siku ya kurudi. Hapo ndipo wanawake wa Gitothua walipokataa. Nani atatoa nambari ovyo, na matapeli wamejaa, kila siku unapigiwa ati umeshinda gari? Na ukiitoa leo, kesho laini imepotea au mzee amekwenda nayo kazini.

"Andika ya Mama Kisilu," wakasema mmoja baada ya mwingine. "Hiyo haipotei."

Na Syombua akakubali, tena kwa moyo wote. Meseji ikiingia, anachukua kitambaa kilichobaki, anaandika kwa chaki jina la mtoto, jina la mama na siku, halafu anakitundika kwenye waya juu ya cherehani. Mama akipita anaona chake. Asipopita, Syombua anafunga kazi, anakwenda kumgongea mlango. Mtoto akishachanjwa, kitambaa kinaingia guniani chini ya meza. Waliomcheka walikuwepo. Walisema huyu mama angelipwa mshahara na serikali.

Hawakujua, maana hakuwa mtu wa kusimulia. Kabla ya Kisilu alikuwa na Kivuva. Walikuwa wakiishi Ngoliba, mashariki ya Thika, na Kivuva alikuwa na miezi kumi alipokufa kwa surua. Siku yake ya sindano ilikuwa imepita wiki tatu, na Syombua alikuwa shambani akipalilia. Hakuna aliyemkumbusha. Mpaka leo akisikia mtoto akikohoa usiku chumba cha pili, analala macho wazi. Ndiyo sababu ya vitambaa, hakuna nyingine.

Jumatano moja, siku ya kliniki ya watoto, Sista Wangechi alisimama mlangoni pa zahanati na karatasi mkononi. Ni muuguzi wa sauti kubwa, lakini siku hiyo aliongea chini chini.

"Kuanzia mwezi ujao hakutakuwa na chanjo hapa," alisema. "Mtaenda Thika. Imeonekana Gitothua ina watoto kumi na watatu tu."

"Kumi na watatu!" Syombua alipiga kelele kutoka nyuma ya foleni, alikokuwa amemsindikiza jirani. "Wui! Kwa ploti yetu peke yake kuna saba! Aliyehesabu alikuwa amefumba macho?"

Kelele zilikuwa nyingi, lakini karatasi ni karatasi. Dianah, mama wa mapacha wa chumba namba tisa, alikaa chini kwenye simenti akaanza kulia. Mapacha wawili, mizigo, nauli, siku nzima ya kazi imekwenda. Syombua alimtazama. Alijua vizuri sana mambo yatakavyokwenda: mama atasema wiki ijayo, na wiki ijayo atasema ile ingine, mpaka surua ije ikute mlango wazi.

Siku mbili baadaye simu yake ililia.

"Naongea na Syombua Munyao?" Ilikuwa sauti ya msichana. "Napiga kutoka ofisi ya afya, Thika. Shosho, hapa inaonyesha umezaa watoto arobaini na saba tangu Januari."

"Na wewe inaonyesha huna haya," alijibu Syombua. "Mimi ni nyanya wa miaka sitini na mmoja. Tafuta mjinga mwingine wa kuibia." Akakata. Alipopigiwa tena, akakata tena.

Kesho yake msichana akaja mwenyewe, viatu vyote vumbi, mkoba umejaa makaratasi na kompyuta ndogo ya kubeba. Mgeni njoo mwenyeji apone, wahenga walisema, ila Syombua alimkaribisha kwa jicho la pembeni kwanza. Msichana akasema anaitwa Lynn, na kazi yake ni kuangalia takwimu za zahanati zote: watoto wangapi wameandikwa wapi, chanjo ngapi zimetumika, foleni ndefu iko wapi. Kutokana na hizo, wakubwa hujua muuguzi apelekwe wapi na dawa zishuke wapi.

"Sasa Gitothua ilinisumbua akili," Lynn alisema. "Watoto ni kumi na watatu, lakini chanjo zinazoisha hapa ni za watoto karibu sitini. Wengine ofisini walisema lazima sista anaziuza."

"Wangechi? Auze chanjo?" Syombua aliinuka kabisa. "Huyo hata panadol hakupi mbili ukihitaji moja!"

"Mimi pia sikuamini. Nikafungua orodha ya zamani, nikakuta watoto arobaini na saba wana nambari moja ya simu. Yako. Kompyuta ikikuta nambari imerudiwa, inadhani ni mtu mmoja ameandikwa mara nyingi, inabakisha mmoja, wengine inafuta." Akainamisha kichwa. "Na shosho, mimi ndiye niliyeiambia ifanye hivyo."

Syombua alikaa polepole. Kwa hivyo ni yeye. Zile meseji zote, ile milango yote aliyogonga, kumbe ndivyo vilivyowafuta watoto. Alitaka kulia.

"Nimewaua mwenyewe," alisema.

"Hapana!" Lynn alimshika mkono. "Hakuna mtoto amekosa sindano bado. Nikipata majina yote na nambari za mama zao kabla ya Jumatatu, karatasi ile inabadilika. Lakini kompyuta imebaki na mmoja kati ya arobaini na saba, na orodha ya zamani imebaki na tarehe na nambari za simu tu, majina yamefutika. Nitawatoa wapi?"

Syombua alimtazama. Halafu akainama chini ya meza, akavuta gunia, akalimwaga verandani.

Haki, ungeuona uso wa Lynn! Vitambaa vya kijani, vya buluu, vya maua, vya sare za kila shule ya Ruiru, na kila kimoja kina jina la mtoto, jina la mama na siku. Msichana wa takwimu alipiga magoti katikati ya vile viraka akaanza kusoma na kuandika. Alifika watoto arobaini na saba, akahesabu tena, ikawa arobaini na saba. Ukiongeza wale kumi na wawili waliokuwa na nambari zao, ni watoto hamsini na tisa. Alicheka kwa furaha mpaka Dianah akatoka chumbani kuuliza kuna nini.

Kazi iliyobaki ilikuwa nambari za mama zao, na hiyo Syombua alisema aachiwe yeye. Alizunguka mlango kwa mlango, Lynn nyuma yake. "Mnaogopa tapeli, surua hamuogopi? Toa nambari! Huyu msichana nimeiona kazi yake, na matapeli hawana njia ya kufika kwenye orodha yake. Toa!" Wakatoa. Nani angebishana naye?

Walipomaliza, Lynn aliuliza, "Na wewe shosho, umeandikwa kliniki gani?"

"Mimi nina mtoto mchanga?"

"Ana presha," Sista Wangechi alisema, maana alikuwa amefika akiwa na soda za kushukuru. "Nilimpima Machi, nikamwambia rudi baada ya mwezi. Mpaka leo sijamwona."

Syombua akajifanya anatafuta sindano. Lynn akaandika jina lake na nambari yake.

Jumatano iliyofuata karatasi mpya ilisomwa. Chanjo zinabaki Gitothua, na muuguzi wa pili anakuja, kwa sababu ukihesabu vizuri, hii ni zahanati yenye watoto wengi kuliko walivyodhani. Wanawake walipiga vigelegele hadi watoto wakalia. Dianah alimkumbatia Syombua, pacha mmoja huku, mwingine kule. Na Syombua alipumua pumzi ambayo nadhani aliishika tangu Ngoliba.

Wiki mbili simu yake ilinyamaza. Kila mama alikuwa akikumbushwa kwa simu yake. Waya juu ya cherehani ulikuwa mtupu, na yeye alikuwa akiutazama, anafurahi na anaona upweke kidogo, mambo yote mawili kwa pamoja.

Halafu meseji ikaingia. Kwa mazoea mkono ulienda wenyewe kwenye kitambaa, chaki tayari, kisha akasoma ni mama gani wa kugongewa mlango. Syombua Munyao, kliniki ya presha, Alhamisi saa tatu.

Aliisoma mara tatu. Akaandika jina lake kwa chaki, akaandika siku, akakitundika kwenye waya.

Alhamisi alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Sista Wangechi alishika kiuno. "Mama Kisilu! Leo umeletwa na nani?"

"Nimetumiwa meseji," Syombua alisema, akikunja mkono wa blauzi ili apimwe. "Na ilikuwa yangu."