Kitambaa Juu ya Ruta

Mdogo wangu alijifungua huko Kanada, na mama yetu akabaki na haja moja tu: kumwona mjukuu wake, hata kama ni kwenye simu. Nikamfungia intaneti ya nyumbani hapa Katesh, kifurushi chenye kasi kuliko vyote vya kampuni ile. Mimi nikitaka jambo silifanyi nusu.

Kila Jumapili baada ya ibada tulimpigia mdogo wangu. Picha ilikatakata, mtoto akaganda mdomo wazi. Mama alisogeza simu puani, akaisogeza mbali, kisha akasema, "Mtandao wa leo una ukungu, mwanangu." Nami nikawapigia huduma kwa wateja na kuwabwatukia. Walinijibu kwa upole kwamba upande wao kila kitu kiko sawa, na upole huo ulinizidishia hasira. Miezi ikapita hivyo, kila Jumapili ukungu uleule. Nikaita fundi.

"Shikamoo mama," alisema mlangoni.

"Marahaba baba, karibu ndani."

Akauliza ruta, kile kisanduku cha intaneti, iko wapi. Mama akatoa ufunguo wa kabati la vyombo. Kwetu kitu cha thamani hakiachwi wazi. Redio ilivikwa kitambaa, televisheni ilivikwa, na ruta nayo mama aliifumia chake, cheupe chenye maua, akaifungia nyuma ya trei za bati na masufuria yake ya harusi. Mimi niliyesoma niliona sawa kabisa. Ingeachwaje nje na vumbi hili?

Fundi alicheka hadi akakaa chini. Akapima spidi pale kwenye kochi, ikawa ya kujikokota. Akaitoa ruta, akaivua kitambaa, akaiweka juu ya kabati na kupima tena. Safari hii spidi ilipanda hadi ile tuliyoahidiwa. "Mabati yanazuia mawimbi, mama," alieleza. Mama akaomba radhi kana kwamba amevunja nyumba ya mtu.

Tulipiga hapohapo. Mtoto akatokea safi kabisa, hata mate ya kidevuni niliyaona. Nilipiga kigelegele.

Mama aliishika simu muda mrefu.

"Amelala, eeh?" akauliza.

Mtoto alikuwa amekodoa macho, anamtazama yeye.

Fundi aliangalia chini, akaanza kukunja waya ambao haukuhitaji kukunjwa.

Wiki ile tulipanda basi hadi hospitali ya Haydom. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba nuru iliyokwisha kupotea hairudi. Akauliza kwa nini hatukuja mapema. Miezi yote ile mama alikuwa ananiambia ugonjwa wake, Jumapili baada ya Jumapili, nami nikagombana na watu wa mtandao. Najilaumu, na sidhani kama nitaacha.

Mama mwenyewe hajawahi kunilaumu. Njiani kurudi aliuliza tu kama ruta tumeiacha bila kitambaa.

Siku hizi picha haigandi hata kidogo. Jumapili mama anakaa kwenye kochi, simu mapajani, ananiambia, "Haya, niambie." Nami namweleza: kofia ya njano, shavu linabonyea kidogo anapocheka. Jumapili iliyopita nilimwambia ameota meno mawili ya chini. Akanyoosha kidole, akaanza kupapasa kioo, anautafuta mdomo. Nikakishika kile kidole, nikakiweka pale.