Laptop ya Baba na Haraka Zangu

Mimi sijui kutulia. Hata kwa daktari husubiri nimesimama mlangoni. Ndiyo maana laptop ya baba ilinitia wazimu: nene, nzito, ukiiwasha unaenda kukoga na kurudi, bado inajifikiria. Lakini ndiyo baba aliyoandikia barua za majirani pale Upanga, maombi ya kazi, malalamiko ya maji, hata posa, huku macho yake yakizidi kufifia. Bila barua hizo angeshinda dirishani akisikiliza bajaji. Nilitaka aendelee kuandika mwenyewe. Na niseme kweli, nilitaka pia aache kunipigia simu kila mashine ikiganda.

Jumamosi moja nikaibeba hadi Kariakoo. Fundi, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliifungua kwa bisibisi moja akaanza kuisifu. Alisema hizi za mwanzo zilitengenezwa na watu waliomwogopa Mungu: bawaba za chuma, RAM, yaani kumbukumbu ya mashine, unachomoa na kupachika, diski unabadilisha. Hizi nyembamba za sasa RAM imechomelewa kwenye bodi, ikifa umekwisha. Nikauliza kama si bora niiache nichukue nyembamba iliyotumika. Akakataa katakata. Niongeze RAM mara mbili, niweke diski mpya isiyozunguka, betri niachane nayo, baba atumie umeme wa ukutani. Nikamwambia afanye yote, mradi upesi.

Kisha akafika kwenye kibodi. Herufi zilikuwa zimefutika, na karibu kila kitufe kilikuwa na donge la gundi kavu. Nikaona aibu, kama mtu aliyetembelewa kabla hajafagia. Fundi alikuwa na nyingine safi, aliyoitoa kwenye mashine ya aina hiyohiyo iliyokufa. Akasita, akauliza kama mwenyewe anajua.

"Mwenyewe ni baba yangu," nikamjibu. "Weka."

Kariakoo spea kuukuu hubaki kwa fundi usipoidai, nami nidai uchafu wa nini?

Nyumbani iliwaka kabla sijakaa. Jamani, nilijiona mtoto mwema! Baba akaweka vidole kwenye vitufe, akavipeleka kushoto, akavirudisha kulia, akavipitisha tena.

"Alama zangu ziko wapi?" akauliza.

Yale madonge aliyaweka mwenyewe, kila herufi na umbo lake, tangu macho yalipoanza kumsaliti. Hakuwahi kuniambia. Na mimi, lini nilikaa nikamtazama anavyoandika?

Nilirudi Kariakoo mbio. Fundi akashika kichwa: wanunuzi wa skrepa walishapita na gunia lao, kibodi ile imo ndani. Nilimporomoshea maneno ambayo hakustahili, kisha nikamwomba radhi.

Nikarudi kwa baba mikono mitupu. Nikasema ninunue gundi tuweke alama nyingine. Akasema vidole vyake vilijifunza zile za kwanza wakati macho bado yanasaidia; sasa haviwezi tena. Wakati huo jirani wa ghorofa ya juu alikuwa sebuleni, anasubiri barua ya kumwombea mwanawe nafasi ya shule. Baba akanisogezea kiti.

"Kaa, mwanangu. Mimi nitasema, wewe uandike."

Nikakaa. Alisema taratibu, akingoja vitufe vinyamaze ndipo aendelee, na kila mwisho wa sentensi aliniuliza kwa upole kama nina haraka.