Matetea Kumi na Wawili, Majogoo Watatu

Juzi, ewe rafiki yangu, fundi wa stima alikuja kunifungia waya za jikoni. Ni mwanamke kutoka mji wa Kiritiri, umri wake kama wa wajukuu wangu, na kama wao huniita cucu, bibi. Aliipindua birika yangu mpya akasoma kitakoni: volti mia mbili na arobaini, wati elfu mbili na mia nne. Kabla hajatoa simu apige hesabu, nikamwambia itakula ampea kumi, na ukinzani wake ni omu ishirini na nne.

“Ai, cucu! Hiyo maneno ulifunzwa wapi?”

Nikamjibu kwamba nilifunzwa na Baba, kisha nikaenda kuteka maji ya chai nisije nikalia mbele ya mgeni.

Baba alikuwa fundi wa baiskeli sokoni Embu. Baiskeli yake mwenyewe ilikuwa na dainamo iliyosugua gurudumu la nyuma, na taa mbele. Alikuwa akiisimamisha uani magurudumu juu, mimi nazungusha pedali kwa mkono mpaka balbu inawaka, na harufu ya grisi na mpira wa moto inanibaki viganjani hadi wakati wa kula. Volti, alisema, ndiyo msukumo. Ampea ni wingi wa umeme unaopita. Ukigawanya volti kwa ampea unajua waya unaukataa umeme kiasi gani: huo ndio ukinzani, nao hupimwa kwa omu. Ukizizidisha unapata wati, nguvu ya taa yenyewe. Nilikuwa na miaka kumi na nilijiona profesa.

Kisha imajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, ikatukuta. Nyumba zetu zilichomwa, tukarundikwa katika kijiji kimoja kilichozungukwa na handaki lenye miti iliyochongwa ncha. Handaki hilo Mama na wenzake walilazimishwa kulichimba wenyewe. Kuku wetu waliliwa na homgadi, askari wenyeji wa serikali, wiki ya kwanza, hata yule aliyekuwa akilalia mayai. Asubuhi moja wanaume walichuchumalishwa uwanjani, na msaliti aliyevikwa gunia kichwani asitambulike akapitishwa mbele yao. Aliyeinamiwa na lile gunia alichukuliwa. Mbele ya Baba, gunia likainama.

Akipandishwa kwenye lori aliniita.

“Taa ya baiskeli ni volti sita, ampea nusu. Ukinzani ngapi, wati ngapi? Nikirudi utaniambia.”

Naamini alitaka tu nisilie. Kweli sikulia, nilianza kupiga hesabu.

Wati nilizipata palepale: tatu. Ukinzani ulinitoa jasho. Sita kugawanya kwa nusu, nikajiambia, ni tatu vilevile, lakini moyo ulikataa. Jibu nililiona jikoni. Nduma, yale magimbi, zilikuwa sita na midomo ilikuwa mingi, basi Mama akakata kila moja nusu na kuzihesabu akizitia sufuriani: kumi na mbili. Nilipiga kelele hata akadhani nimeungua.

Barua za kambini alikofungwa Baba zilisomwa kwanza na wakubwa wa kambi. Niliandika: omu kumi na mbili, wati tatu. Baba akajibu kwamba barua imefika na matundu mawili yaliyokatwa kwa wembe, na jibu hakuliona. Niandike tena, akasema, lakini niandike mambo ya nyumbani tu. Nilikaa na maneno hayo siku mbili. Halafu nikaandika kwamba kuku wetu wanaendelea vizuri, matetea ni kumi na wawili na majogoo ni watatu.

Mama aliponisikia nikiisoma aliwaka. “Unadanganya mtu amefungwa? Kuku gani?”

Nilimweleza. Akaniambia niifunge.

Jibu halikuja. Zilikuja habari kwamba homa ya tumbo imemuua huko, na wamekwisha kumzika. Nisikufiche: pamoja na kifo chenyewe, kilichonitafuna ni kutojua kama ile barua ilimfikia.

Miezi mingi baadaye jirani yetu alirudi kutoka kambi ileile, mifupa mitupu. Hakuketi hata. Alichungulia nyuma ya nyumba, kisha akamwambia Mama kwa haya:

“Mama, wale kuku wako wapi? Mzee aliniambia iko kumi na mbili, na jogoo tatu. Alikuwa anacheka, anasema mtoto wake anajua kuhesabu. Tukaahidiana, mimi nikitoka mbele nikuje hapa nikule.”

Mama akashika mlango. Nililia, kwa uchungu na kwa furaha, na mpaka leo sijui kipi kilizidi. Baba alijua nimepata. Mama alitoka akaenda kuomba kuku kwa jamaa, akamchinja, na yule mtu akala mpaka supu ikaisha. Hatukumweleza lolote.

Handaki lilifukiwa, sasa watu wanapanda mahindi juu yake. Mama hayupo. Ile baiskeli ilichukuliwa zamani, ila balbu nilikuwa nimeichomoa, na ninayo kwenye mkebe wa majani ya chai. Fundi alipomaliza kazi nilimwonyesha. Akaitikisa karibu na sikio, akasema uzi umekatika, hii imekufa.

Najua. Volti ni sita bado, ila ampea ni sifuri, na sita kugawanya kwa sifuri ni hesabu ambayo Baba hakupata wakati wa kunifunza.